Hofu ya Baba na Sindano ya Mwana: Kumsoma Oedipus kutoka Muyeye

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza matumizi ya dhana za awali za saikolojia katika uhakiki wa kisa cha Oedipus, mfalme wa Thebes, kama kinavyojulikana kupitia tamthilia ya Sophocles. Kisa hiki si kigeni kwa msomaji wa Kiswahili. Tafsiri ya Samuel S. Mushi, Mfalme Edipode, ilichapishwa mwaka 1971, na tangu hapo kisa kimekuwa mali ya madarasa ya fasihi ya Afrika Mashariki sawa na visa vingine vilivyotoka mbali vikapata uraia. Pamoja na kisa imekuja fasili yake moja mashuhuri. Mwanafunzi anayekutana na Oedipus kwa mara ya kwanza huwa tayari amekwisha kusikia habari za Sigmund Freud, naye huelekea kuamini kwamba kazi ya mhakiki ni kuonyesha jinsi mwana anavyotaka kumwondoa baba na kummiliki mama. Akishaonyesha hivyo huona amemaliza.

Dai la makala haya ni kwamba fasili hiyo, ikichukuliwa peke yake, huficha nusu ya kisa. Kisa cha Thebes hakianzi na tamaa ya mwana, bali huanza na hofu ya baba. Na katikati yake hamna ugomvi wa baba na mwana tu, bali mna tuhuma nzito inayotolewa na mwenye nguvu dhidi ya mzee asiye na nguvu. Mambo haya mawili hujitokeza wazi zaidi kisa kinaposomwa kutoka mahali mahususi. Mahali palipochaguliwa hapa ni Muyeye, kitongoji cha mji wa Malindi. Muyeye haikuchaguliwa kwa sababu ya tukio lolote maalumu. Imechaguliwa kwa kuwa ni kitongoji cha kawaida cha pwani hii, ambamo Wagiriama, Waswahili na watu waliotoka bara huishi mlango kwa mlango, watoto wakisoma Kiswahili sanifu darasani na kuzungumza lugha za nyumbani uani. Msomaji wa hapo anao urithi wa masimulizi mawili yanayohusu baba na mwana: hadithi ya Fumo Liyongo kutoka kaskazini ya pwani, na mila za Wagiriama kuhusu majina na wahenga. Anayo pia habari ya kila siku, nayo si ya kifasihi: katika kaunti ya Kilifi wazee wanauawa kwa kutuhumiwa uchawi. Uhakiki unaozungumzia uuaji wa baba hauwezi kufanywa hapo kana kwamba ni mchezo wa dhana.

2.0 Freud na mipaka ya fasili yake

Freud alikitaja kisa cha Oedipus katika kitabu chake cha fasili ya ndoto kilichotolewa kwa tarehe ya mwaka 1900, na istilahi ya changamano la Oedipus akaitumia kwa mara ya kwanza katika maandishi yake ya mwaka 1910. Kwa ufupi, alidai kuwa kila mtoto wa kiume hupitia kipindi cha kumpenda mama na kumwonea baba wivu. Kwamba hisia hizo hukandamizwa na kuzikwa katika ung'amuzi bwete. Na kwamba mtazamaji wa tamthilia husisimka kwa sababu anayaona jukwaani matakwa yake mwenyewe aliyokwisha kuyasahau. Nguvu ya hoja hii haikanushiki. Ilieleza kwa nini tamthilia iliyoandikwa zaidi ya miaka 2400 iliyopita ingali inaweza kumtia mtu baridi.

Hata hivyo, pingamizi zilitolewa mapema. Bronisław Malinowski, katika kitabu chake cha mwaka 1927, alionyesha kwamba katika visiwa vya Trobriand, ambako mtoto huhesabiwa kwa ukoo wa mama na mjomba ndiye mwenye amri, chuki ya kijana humwelekea mjomba wala si baba. Frantz Fanon naye, mwaka 1952, alishikilia kwamba changamano hilo halikuwa jambo la kawaida katika familia za weusi wa visiwa vya Antilles vilivyotawaliwa na Ufaransa, na kwamba maradhi yao ya nafsi yalitokana na kukutana kwao na utawala wa kizungu. Kwa wote wawili swali lilikuwa moja: je, familia ambayo Freud aliichukua kuwa ya binadamu wote haikuwa familia ya mji wake na tabaka lake?

Pingamizi iliyo karibu zaidi na matini ilitoka kwa Jean-Pierre Vernant mwaka 1967. Vernant alikumbusha jambo ambalo msomaji yeyote makini wa tamthilia anaweza kulithibitisha. Oedipus hakumjua Laius kuwa baba yake wala Jocasta kuwa mama yake. Wazazi aliowajua, waliomlea na aliowapenda, ni Polybus na Merope wa Corinth. Lau Oedipus angekuwa na changamano lenye jina lake, lingewahusu wawili hao. Naye, aliposikia kutoka Delphi kwamba atamuua baba na kumwoa mama, aliikimbia Corinth ili asiwadhuru. Kitendo hicho ni cha mwana mwenye heshima. Anayetaka kumtumia Oedipus kuwa mfano wa mwana mwenye uadui na baba hana budi kwanza kueleza safari hiyo.

Makala haya hayakusudii kumtupa Freud. Yanakusudia kuonyesha kwamba mwanafunzi anayeishia kwake ameacha mezani dhana nyingine rahisi za saikolojia zinazoifaa matini zaidi. Dhana tatu zitatumika: utabiri unaojitimiza, kuwatwika wengine hisia za nafsi, na kosa la kuyahusisha matendo ya mtu na tabia yake bila kuangalia mazingira yake.

3.0 Hofu ya Laius na jina la babu

Dhana ya utabiri unaojitimiza ilitolewa na Robert Merton mwaka 1948. Kwa mujibu wake, imani isiyo ya kweli humfanya mtu atende kwa namna inayoifanya imani hiyo kuwa kweli. Watu wakiamini kwamba benki itafilisika, hukimbilia kutoa fedha zao, na benki hufilisika. Tofauti na mfano huo, utabiri uliomfikia Laius ulitoka kwa mungu, na kwa Wayunani ulikuwa wa kweli tangu mwanzo. Lakini mfumo wa matendo ni ule ule. Laius aliambiwa kuwa atauawa na mwanawe. Mtoto alipozaliwa, kabla hajafikisha siku tatu, alitobolewa na kufungwa vifundo vya miguu, akatolewa ili akatupwe mlimani. Mchungaji aliyekabidhiwa alimhurumia akampa mchungaji mwenziwe wa Corinth. Matokeo yake ni kwamba Oedipus alikua bila kumjua baba yake, na kwa hiyo alipokutana naye penye njia panda, akapigwa na mzee yule aliyekuwa garini, alirudisha pigo kama mpita njia yeyote aliyedhulumiwa. Kilichomuua Laius ni kutojulikana kwake, na kutojulikana huko alikutengeneza mwenyewe.

Mwanasaikolojia na mtaalamu wa anthropolojia George Devereux, katika makala yake ya mwaka 1953 kuhusu sababu ya Oedipus kumuua Laius, alipendekeza kwamba kulizungumzia changamano la mwana bila kulizungumzia la baba ni kulisoma shauri kwa ushahidi wa upande mmoja. Pendekezo hili lilistahili kupata wasikilizaji wengi zaidi kuliko lilivyopata. Jina lenyewe la Oedipus, lenye maana ya mguu uliovimba, ni kovu la tendo la baba. Kila anapoitwa, jeraha linatajwa.

Hapa msomaji wa Muyeye ana la kusema. Miongoni mwa Wagiriama, kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Karisa wa Kazungu humpa mwanawe jina la Kazungu, na Kazungu huyo naye, akijaaliwa, atamrudisha Karisa. Majina hupokezana hivyo kizazi baada ya kizazi. Haishangazi, basi, kumsikia mtu mzima akimwita mwanawe mdogo "baba". Si utani mtupu. Mtoto huyo amekuja na jina la aliyemzaa anayemwita. Aidha, babu na mjukuu wana ruhusa ya kutaniana, na bibi kumwita mjukuu wake "mume wangu" ni mzaha wa kawaida katika nyumba za Mijikenda na za Waswahili.

Desturi hii ina uzito wa kinadharia. Hofu ya Laius ni hofu ya kupokelewa nafasi: mwana akija, baba ataondoka. Mila ya majina hailikatai jambo hilo. Inalitangaza hadharani tangu siku ya kwanza. Kila baba anajua kwamba mwana atachukua nafasi yake, kwa kuwa naye alichukua nafasi ya aliyetangulia. Lakini anajua pia kwamba mwana huyo atamrudisha yeye kwa jina katika mjukuu. Kumtupa mtoto kungekuwa ni kumtupa babu, na pia kujikatia njia ya kurudi. Hali kadhalika, tamaa ambayo Freud alisema imezikwa katika ung'amuzi bwete, hapa imepewa nafasi ya kusemwa kwa kicheko baina ya vizazi visivyofuatana moja kwa moja. Hapana budi kuwa na tahadhari. Haidaiwi kwamba nyumba yenye mila hii haina ugomvi wa baba na mwana. Kinachodaiwa ni kwamba jamii imelifikiria tatizo hilo hilo lililomshughulisha Sophocles na kulitafutia dawa ya aina nyingine. Kwa hiyo haisemi kweli hoja kwamba saikolojia ya Oedipus ni ya watu wote kwa namna moja, wala haisemi kweli hoja kwamba haiwahusu Waafrika kabisa. Ola Rotimi aliliona hilo alipokihamishia kisa hiki katika mazingira ya Kiyoruba katika tamthilia yake iliyoigizwa mwaka 1968, ambayo jina lake lenyewe linakataa kuwatwika miungu lawama.

4.0 Tiresias, mchungaji, na tuhuma dhidi ya wazee

Dhana ya pili, ile ya kuwatwika wengine, ni mojawapo ya njia za kujikinga za nafsi ambazo Anna Freud alizipanga katika kitabu chake cha mwaka 1936. Mtu asiyeweza kuvumilia jambo lililo ndani yake huliona kwa mwenziwe na kumshambulia kwa ajili yake. Katika tamthilia ya Sophocles hakuna mahali panapoionyesha hali hii vizuri kuliko mkutano wa Oedipus na Tiresias.

Mji una tauni. Mimea inanyauka, wanawake hawajifungui salama, mifugo inakufa. Mfalme amemwita mwaguzi mzee, kipofu, amweleze chanzo. Mzee anakataa kusema kwa sababu anaujua ukweli na anamwonea mfalme huruma. Kwa kukataa kwake anatuhumiwa kushiriki katika mauaji ya Laius. Na anaposema hatimaye, anatuhumiwa kula njama na Creon ili kukinyakua kiti cha enzi. Katika hasira yake Oedipus anamtaja mzee huyo kwa neno la Kiyunani linalotumika kwa wachawi na walaghai wa uganga, na upofu wake unafanywa kuwa aibu yake. Mwenye doa la damu anamwita mchawi yule pekee asiye na doa.

Msomaji wa London au Vienna anaweza kuipita hatua hii kama ugomvi wa jukwaani. Msomaji wa Muyeye hawezi. Kuna balaa katika mji, kuna mzee, kuna mwenye nguvu anayetafuta wa kulaumiwa, na kuna neno mchawi. Hiyo ndiyo sura ya tuhuma zinazosikika katika vijiji vya kaunti ya Kilifi. Kwa miaka mingi sasa wazee wa kiume na wa kike wameuawa huko kwa madai kwamba ndio waliosababisha maradhi au kifo katika ukoo. Mvi, ambazo katika lugha ya Kiswahili ni ishara ya busara, zimegeuzwa kuwa ushahidi wa hatia, hata wazee wengine wamelazimika kuzipaka rangi nyeusi. Huko Kaya Godoma, katika eneo la Ganze, kuna kituo kilichoanzishwa na wazee wa kaya pamoja na Chama cha Utamaduni cha Wilaya ya Malindi ili kuwapa hifadhi waliokimbia nyumbani. Viongozi wa serikali, wazee wa kaya na watetezi wa haki za binadamu wamekuwa wakisema wazi kwamba nyuma ya tuhuma nyingi mna mgogoro wa shamba, na kwamba washukiwa mara nyingi ni watu wa nyumbani.

Uhusiano baina ya mzee na shamba unaeleweka vyema zaidi kwa msaada wa utafiti wa David Parkin katika eneo la Kaloleni, uliochapishwa mwaka 1972. Parkin alieleza jinsi wanaume wenye bidii ya biashara, wengi wao wakiwa vijana, walivyokuwa wakinunua minazi na mashamba kutoka kwa jirani zao, na jinsi walivyowategemea wazee kuwa mashahidi. Mpaka wa shamba, mnazi uliowekwa rehani, mahari iliyobaki bila kulipwa: yote haya yalihifadhiwa katika kumbukumbu za wazee. Mzee, kwa maneno mengine, ndiye aliyekuwa hati. Ikumbukwe kwamba Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908, iliyotungwa chini ya utawala wa Kiingereza, iliwaacha Mijikenda wengi wa ukanda wa pwani bila karatasi zinazotambuliwa. Pale ambapo karatasi haipo, na thamani ya kiwanja inapanda kwa sababu ya mji na utalii, kumbukumbu ya mzee huwa kinga kwa mmoja na kikwazo kwa mwingine.

Kwa mtazamo huu, mhusika mdogo katika tamthilia anapata ukubwa mpya. Huyu ni yule mchungaji mzee, mtumwa wa nyumba ya Laius, ambaye ndiye aliyempokea mtoto ili akamtupe na ndiye pia aliyeokoka katika mauaji ya njia panda. Jocasta anasimulia kwamba mtu huyo, aliporudi mjini na kumwona Oedipus ameshika ufalme, alimwomba kwa unyenyekevu ampeleke machungani, mbali kabisa na mji. Hakueleza sababu. Alikuwa shahidi, na alijua kwamba shahidi wa mali ya mkubwa hakai salama karibu naye. Anapoletwa hatimaye, mfalme anaagiza afungwe mikono nyuma ili ateswe mpaka aseme. Uhakiki uliotawaliwa na changamano la Oedipus humwona mchungaji kuwa chombo cha kufumbua fumbo tu. Usomaji kutoka Muyeye humwona kuwa mkimbizi.

Yafaa kutambua kwamba Oedipus hana ubaya wa makusudi katika haya yote. Anataka kwa dhati kuuponya mji. Hapo ndipo dhana ya kuwatwika wengine inapofaa zaidi kuliko lugha ya wema na uovu: inaeleza jinsi mtu mwenye nia safi anavyoweza kumwonea mzee huku akiamini kuwa anatenda haki. Kinachomtofautisha ni kwamba hakuacha kuuliza. Tuhuma dhidi ya Tiresias na Creon aliiacha, akauendea ushahidi hata ulipoelekea kwake. Jocasta, aliyetangulia kuelewa, alimsihi asiendelee. Kauli zake za kwamba heri mtu aishi bila kuchunguza mno ni mfano wa ukanaji usiohitaji maelezo. Oedipus aliukataa ukanaji huo, na gharama yake ikawa macho yake.

5.0 Liyongo: sindano ilitoka kwa nani?

Dhana ya tatu, ile ya kosa la kuyahusisha matendo na tabia, iliandikiwa na Lee Ross mwaka 1977. Mtu anapoona tendo la mwenziwe huelekea kusema "ndivyo alivyo", na kuyasahau mazingira yaliyomsukuma. Dhana hii inaweza kupimwa kwa hadithi ya Fumo Liyongo, shujaa ambaye watu wa Kipini, kwenye mlango wa mto Tana, huonyesha kaburi linalosemekana kuwa lake. Hadithi yake kwa nathari ilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870, na utendi unaosomwa zaidi ulitungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913.

Kufanana na kisa cha Thebes ni dhahiri: mwana anamuua baba. Lakini tofauti ndizo zenye mafunzo. Kwanza, mwana wa Liyongo anamjua baba yake, analala nyumbani mwake na kula chakula chake. Pili, kabla ya mwana kuingia, Sultani wa Pate amekwisha kujaribu mara kadhaa kumuua Liyongo. Aliwatumia watu wa mwituni wamlenge atakapopanda mkoma, naye akayaangusha matunda kwa mishale akiwa chini. Alimtia gerezani, naye akatoroka kwa tupa iliyofichwa na mama yake ndani ya mkate wa wishwa, mkate ambao walinzi hawakuutamani. Sultani anamwendea mwana baada ya njia nyingine zote kushindwa. Anamwahidi cheo na mke wa ukoo wa kifalme. Mwana anamwuliza baba ni kitu gani kinachoweza kumuua, na baba, ingawa ameshuku, anamjibu: sindano ya shaba ikichomwa kitovuni.

Mhakiki wa changamano la Oedipus hukishangilia kitovu hicho kuwa alama. Yamkini ni alama. Lakini akiishia hapo ametenda kosa alilolieleza Ross: amemtazama mwana na kusema ndivyo wana walivyo. Hadithi yenyewe inaelekeza jicho kwingine. Wazo la kuua si la mwana, wala hofu iliyolizaa wazo hilo si yake. Hofu ni ya Sultani, na ni hofu ile ile ya Laius: kwamba kuna mtu wa ukoo anayeweza kukitwaa kiti. Tofauti ni kwamba Laius aliituma hofu yake kwa miguu ya mtoto mchanga, na Sultani ameituma kwa mkono wa mwana wa mtu mwingine. Methali ya kikulacho ki nguoni mwako ni ya kweli hapa, lakini yafaa kuuliza ni nani aliyekitia nguoni.

Hata haja ya mwana inaelezeka bila kumfanya shetani. Mama yake ni wa Wagala, watu waliomtaka Liyongo aoe kwao ili wapate mbegu ya shujaa. Huyu ni kijana aliyezaliwa kwa mapatano ya wakubwa, nusu mgeni huku na nusu mgeni kule. Abraham Maslow, katika mpango wake wa haja za binadamu wa mwaka 1943, aliiweka haja ya kukubalika na kuwa wa mahali mara tu baada ya chakula na usalama. Sultani hakumwahidi mali tu, alimwahidi mahali. Maelezo haya hayamwondolei mwana hatia, na hadithi haimwondolei. Katika masimulizi mengine anauawa na wenye mji, katika mengine anaugua na kufa kwa fedheha, na katika yote anakosa alichoahidiwa. Ila mji nao unaadhibiwa: Liyongo anakufa akiwa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu kwa hofu hawawezi kuteka maji mpaka mama yake alipokuja kumbembeleza. Mji ulionyamaza wakati mwana ananunuliwa umenyimwa maji. Thebes nayo, iliyonyamaza juu ya kifo cha Laius, ilinyimwa mazao.

Mfano wa karibu na Malindi unathibitisha kwamba mpango huu wa sindano haujapitwa na wakati. Mgiriama aliyekuwa katika chama cha Gohu husimamishiwa kigango, nguzo iliyochongwa kwa heshima yake. Na wahenga, yaani koma, husemwa kuwa huwatokea walio hai ndotoni kudai wasipokumbukwa. Tangu miongo ya mwisho ya karne ya 20 vigango vingi vimeibiwa na kuuzwa kwa wakusanyaji wa sanaa na makumbusho ya ng'ambo. Mwaka 2007 vigango viwili vilivyoibiwa katika eneo la Kilifi mwaka 1985 vilirudishwa kutoka Marekani. Mkono uling'oao nguzo kwa kawaida ni wa kijana wa jirani mwenye shida ya fedha kidogo; faida kubwa huenda kwa asiyefika kamwe kijijini. Kumlaumu kijana ni haki. Kumlaumu yeye peke yake ni kumsamehe Sultani.

6.0 Mipaka ya usomaji huu

Pana hatari mbili. Ya kwanza ni kuugeuza mji wa Thebes kuwa Kilifi. Tamthilia haikuandikwa kuhusu mashamba, na uwezo wake hautokani na kufanana kwake na habari za magazeti. Ya pili ni kubwa zaidi: kwamba kwa kuyaeleza mazingira ya muuaji mhakiki aonekane anamtetea. Dhana za saikolojia zina udhaifu huo zote. Aliyefunzwa kwamba kila mwana kwa maumbile anamtakia baba mauti amepewa udhuru mkubwa kuliko wote, kwani anaambiwa kwamba uovu huo ni wa watu wote na kwa hiyo si wa mtu yeyote. Usomaji uliopendekezwa hapa unafanya kinyume. Unahesabu wahusika: aliyeogopa, aliyeahidi, aliyechoma, na walionyamaza. Kila mmoja anabaki na fungu lake.

Aidha, usomaji huu umewagusa wanawake kwa juu juu tu. Jocasta ndiye aliyemkabidhi mchungaji mtoto wake, na mama yake Liyongo ndiye aliyemwokoa mwanawe kwa mkate na ndiye aliyeituliza maiti yake. Katika Kilifi wanaotuhumiwa si wazee wanaume pekee. Uchambuzi wa akina mama hawa, kwa dhana ya mshikamano wa mama na mtoto iliyoendelezwa na John Bowlby, ungeweza kuyarekebisha baadhi ya madai ya makala haya.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba dhana za awali za saikolojia zinaweza kukifungua kisa cha Oedipus, mradi mhakiki asiridhike na ile iliyobeba jina lake. Utabiri unaojitimiza unarudisha mbele ya msomaji hofu ya Laius. Dhana ya kuwatwika wengine inaonyesha kwamba kiini cha tamthilia ni mzee anayetuhumiwa na shahidi anayekimbia. Kosa la kuyahusisha matendo na tabia linamwonya mhakiki asimsome mwana wa Liyongo bila kumsoma Sultani. Katika yote matatu, urithi wa pwani, kuanzia mila ya majina hadi hadithi ya sindano ya shaba, haukutumika kuwa pambo la nadharia iliyotoka nje. Umetumika kuipima.

Mwanafunzi wa Muyeye atakayeulizwa katika mtihani kwa nini Oedipus alimuua Laius anaweza kuandika kwamba ni kwa sababu alimtamani mama yake, na huenda akapata alama. Jibu lenye kuifuata matini ni kwamba baba alimwogopa mtoto kabla hajamjua, akamtupa, na walipokutana njiani hakuwapo mzee wa kuwaambia kwamba wao ni jamaa. Aliyeweza kuwaambia alikuwa hai. Alikuwa akichunga kondoo mbali na mji, kwa kuogopa kuwa karibu.